Muamala Uliokwama Katikati: Ushauri kwa Wenye Mifumo ya Matawi Mawili

Swali linalonifikia mara nyingi kutoka Tunduma, Vwawa na Mlowo ni hili: "Mauzo yameandikwa dukani, lakini ghala halikupunguza mzigo. Nirekebishe wapi?" Wengine wanaliuliza kwa upande wa pesa: imekatwa huku, kule haijaingia. Wengine ni wa SACCOS: mkopo umeandikwa makao makuu, akaunti ya mwanachama kwenye tawi haina habari. Jambo ni moja. Kazi moja inagusa kanzidata mbili, na inatakiwa ikamilike kote kuwili au isifanyike kabisa.

Nawaandikia vijana wanaotengeneza na kusimamia mifumo hiyo. Mwenye duka asiyejua kuandika programu naye asome, hasa sehemu ya pesa za simu, kwa sababu hasara ikitokea ni yake.

Kwanza, una haja gani na kanzidata mbili?

Mifumo mingi ya matawi mawili haikupangwa iwe hivyo. Programu ya duka ilinunuliwa mwanzo, ya ghala ikaja baadaye kwa fundi mwingine, kisha mtu akaombwa "aziunganishe". Kabla hujaunganisha, jiulize:

- Je, zote mbili ziko jengo moja? Zihamishie kwenye kanzidata moja. Kanzidata yoyote ya maana inajua kukamilisha au kutengua muamala wake yenyewe, bila msaada wako.
- Je, tawi linaweza kukaa bila kuuza kwa saa moja mtandao ukikatika? Kama linaweza, weka kanzidata moja sehemu moja, tawi liingie kwa mtandao.
- Je, ni ripoti tu unayotaka kuiona pamoja? Basi nakili data usiku. Hiyo haihitaji kitu kingine chochote.

Utasema: "Mlowo umeme na mtandao vikikatika, wateja hawatanisubiri." Hoja hiyo naikubali, na ndiyo sababu halali ya kuwa na kanzidata mbili. Kama ndiyo sababu yako, endelea kusoma.

Tofautisha "hapana" na "sijui"

Kosa moja linazaa karibu matatizo yote ninayoletewa. Mteja ananunua saruji: programu ya duka la Tunduma imetuma ombi kwenye ghala la Mlowo, sekunde thelathini zimepita, hakuna jibu. Hapo yanawezekana mambo matatu:

1. Ombi halikufika.
2. Ombi lilifika, kazi ikashindikana.
3. Ombi lilifika, kazi ikafanyika, jibu likapotea njiani.

Ukiwa Tunduma huwezi kuyatofautisha. Lakini fundi ameandika: muda ukiisha, rudisha pesa. Likiwa ni lile la tatu, mteja ameondoka na saruji pamoja na pesa zake. Fundi mwingine ameandika: muda ukiisha, tuma tena. Mteja aliyelipia mifuko 40, ghala limemwandikia 80.

Mtaalamu wa kanzidata Jim Gray alilieleza tatizo hili mwaka 1978 kwa mfano wa majenerali wawili wanaotumiana wajumbe wanaoweza kukamatwa njiani. Hata watumiane wajumbe wangapi, hawatafika mahali ambapo wote wawili wana uhakika kwamba wamekubaliana. Kwa hiyo usipoteze wiki mbili ukitafuta ujanja wa kuliondoa. Kwenye jedwali lako la miamala ongeza hali inayoitwa HAIJULIKANI, na uandike utaratibu wa kuitoa hapo: nani anaulizwa, kwa namba gani, kila baada ya dakika ngapi. Muamala ulio HAIJULIKANI haurudishwi na haurudiwi. Unaulizwa.

Awamu mbili, hatua kwa hatua

Kama kanzidata zako mbili ziko chumba kimoja na huwezi kuzihamishia kwenye moja, au seva mbili zimeungwa kwa waya ulio mikononi mwako, uthibitisho wa awamu mbili unafaa. Tuchukue mteja anayelipa shilingi 720,000 kwa mifuko 40. Kanzidata ya fedha ni mshiriki wa kwanza, ya mzigo ni wa pili, na programu inayowasimamia ni mratibu.

1. Mratibu anautungia muamala namba, tuseme TDM-00187, na kuwapelekea washiriki kazi zao kwa namba hiyo.
2. Anamuuliza kila mmoja: uko tayari?
3. Fedha anaandika mabadiliko yake na ahadi yake kwenye diski, anashikilia makufuli, kisha anajibu ndiyo. Mzigo vilevile. Kabla ya kusema ndiyo, yeyote anaweza kukataa peke yake. Akishasema ndiyo, hana tena ruhusa ya kuamua.
4. Wote wakisema ndiyo, mratibu anaandika uamuzi kwenye diski yake mwenyewe: TDM-00187, imepita. Anaandika kabla hajamwambia mtu yeyote.
5. Anawatangazia. Asiyejibu anatangaziwa tena na tena mpaka ajibu kwamba ametekeleza.
6. Wote wakishajibu, mratibu anaweza kuifuta kumbukumbu hiyo.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa. Fundi anatangaza kwanza halafu anaandika, kwa sababu majaribio yalikwenda vizuri hivyo. Umeme ukikatika katikati ya kutangaza na kuandika, Fedha ameshaambiwa imepita, Mzigo bado, na mratibu akiamka hakumbuki kitu. Hapo huna njia ya kujua ukweli zaidi ya kufungua kanzidata moja moja kwa mkono.

Kwenye PostgreSQL, ahadi ya hatua ya tatu ni amri ya PREPARE TRANSACTION, na utekelezaji ni COMMIT PREPARED au ROLLBACK PREPARED. Amri ya kwanza ikikataliwa, angalia kipimo cha max_prepared_transactions. Kikija kama kilivyo kina thamani ya 0, maana yake huduma hiyo imezimwa. Kipandishe angalau kilingane na max_connections, kisha uwashe seva upya. Kwenye MySQL utatumia XA PREPARE na XA COMMIT. Toleo lililo chini ya 5.7.7 usilitumie kwa kazi hii, kwa sababu muunganisho ukikatika lilikuwa linautengua muamala ulioshaahidiwa, na hapo ahadi haina maana tena.

Ikikatika hapa, fanya hivi

- *Mshiriki amezimika kabla ya kusema ndiyo.* Mratibu anatengua kwa wote. Hakuna hasara.
- *Mshiriki amezimika baada ya kusema ndiyo.* Akiamka anaikuta ahadi kwenye diski. Anamuuliza mratibu. Hakisii.
- *Mratibu amezimika kabla ya kuandika uamuzi.* Akiamka na kuulizwa kuhusu namba asiyoikuta, anajibu: imetenguliwa. Kanuni hii ikubaliwe na pande zote tangu mwanzo.
- *Mratibu amezimika na washiriki wote wameshasema ndiyo.* Hapa ndipo penye uchungu. Washiriki wanakaa na makufuli yao. Ile mifuko 40 haiuziki, na akaunti ile haiguswi, mpaka mratibu arudi.

Kwa sababu ya hali hiyo ya mwisho, mratibu asikae kwenye kompyuta mpakato ya meneja inayofungwa jioni na kubebwa nyumbani. Mpe seva yenye betri ya akiba, na kumbukumbu zake zinakiliwe kwenye diski ya pili.

Makosa ninayokutana nayo

*Kuzima na kuwasha.* Mtu anaona mfumo umeganda, anawasha seva upya. Muamala ulioahidiwa hauondoki kwa kuwasha upya. Ahadi imeandikwa kwenye diski kwa makusudi ili ivumilie jambo hilohilo, na makufuli yake yanarudi nayo. Kwenye PostgreSQL soma jedwali la pg_prepared_xacts: linakupa namba ya muamala, mwenyewe, na muda ulipoahidiwa. Kwenye MySQL ni XA RECOVER. Chukua namba, nenda kwenye kumbukumbu za mratibu, soma uamuzi, ndipo utekeleze au utengue.

*Kuweka programu ya kusafisha.* Hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linaonekana ni uangalifu. Fundi anapanga kila saa sita miamala yote iliyokwama itenguliwe yenyewe. Lakini huenda mratibu alishaamua ipite, na mshiriki mwingine alishatekeleza. Programu hiyo inatengeneza mgawanyiko uleule uliokuwa unaukwepa, tena kimyakimya. Weka kengele badala yake: muamala uliokaa na ahadi zaidi ya dakika tano utume ujumbe kwenye simu ya mtu anayejulikana.

*Kuziacha ahadi zikae.* Ahadi moja iliyosahaulika kwenye PostgreSQL inazuia VACUUM kusafisha mistari iliyokufa. Majedwali yanavimba, mfumo unakuwa mzito, na mwenye duka anashauriwa kununua seva mpya. Kabla hajanunua, hesabu ahadi zilizokaa.

*Kuzima fsync, inayolazimisha data ifike kwenye diski, ili mfumo uende kasi.* Ahadi isiyofika kwenye diski si ahadi. Kama kasi haitoshi, nunua diski bora.

*Kurejesha nakala ya upande mmoja.* Kanzidata ya mzigo imeharibika, fundi anarudisha nakala ya jana usiku, ya fedha inabaki ya leo. Mauzo yote ya leo sasa yana pesa bila mzigo kutoka. Baada ya kurejesha, ni lazima uzilinganishe namba za miamala za pande mbili na kuzipitisha upya zile zilizokosekana, kabla ya kufungua dirisha kwa wateja.

Kati ya Tunduma na Mlowo, usishike kufuli kupitia mtandao

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna wenye ujuzi wasiokubaliana nami: kwa matawi yanayotegemea laini za simu na umeme unaoweza kukatika wakati wowote, awamu mbili si chaguo lako. Mtandao ukipotea Mlowo kwa nusu saa, Tunduma nayo inasimama, wakati wewe uliweka kanzidata mbili ili isisimame.

Njia inayofaa ni kugawa kazi kuwa miamala midogo, kila mmoja ndani ya kanzidata yake, na kila mmoja uwe na muamala wa kuurudisha. Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem waliiandika mwaka 1987 na kuiita saga. Kwa duka letu inakuwa hivi:

1. Tunduma, ndani ya muamala mmoja wa kanzidata yake, inaandika risiti *na* inaandika mstari kwenye jedwali la zinazosubiri kutumwa. Viwili hivyo vinapita pamoja au havipiti.
2. Programu ndogo inasoma jedwali hilo na kutuma Mlowo. Mtandao haupo? Itatuma ukirudi.
3. Mlowo, ndani ya muamala mmoja, inaandika namba TDM-00187 kwenye jedwali la zilizopokelewa na inapunguza mifuko 40. Safu ya namba iwekewe sharti la kutojirudia.
4. Ikija TDM-00187 kwa mara ya pili, sharti linakataa, na Mlowo inajibu jibu lilelile la mwanzo: imeshafanyika. Hapa kutuma tena kwa namba ileile ni kuuliza, si kurudia.
5. Tunduma inaufunga mstari wake baada ya kupata jibu hilo tu.

Namba itungwe kabla ya jaribio la kwanza na itumike hiyohiyo kwa majaribio yote. Nimeona programu inayotunga namba mpya kila inapotuma tena. Hapo sharti la kutojirudia halina la kufanya.

"Je, Tunduma ikiuza mzigo ambao Mlowo haina?" Swali zuri, na lina majibu mawili. La kwanza ni mgao. Ghala lina mifuko 500, Tunduma inaruhusiwa kuuza 200 bila kuuliza, ikiisha inaomba mgao mwingine. Nalipenda hili kwa sababu mtandao ukipotea kazi inaendelea. La pili ni kuzuia mzigo kwa muda kabla ya kupokea pesa. Hilo lina mtego: kizuizi kikiisha muda, Mlowo inakiachia peke yake. Basi risiti isitolewe kabla Mlowo haijathibitisha, na uthibitisho ukikataliwa, pesa zirudi.

Kuhusu kurudisha, zingatia mawili:

- Usifute mstari. Andika muamala mpya wenye namba yake, unaotaja ule wa mwanzo. Anayekagua hesabu lazima aone kwenda na kurudi.
- Hatua isiyorudishika iwe ya mwisho. Lori likishavuka mpaka kuingia Nakonde, Zambia, na mzigo, hakuna amri ya kanzidata itakayolirudisha. Hati ya kutoa mzigo getini isubiri hali zote ziwe IMEKAMILIKA.

Saa ya Tunduma na saa ya Nakonde

Tatizo hili watu wa Dodoma na Dar es Salaam hawalijui. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Oktoba 2019, maofisa wa nchi mbili wakakaa pamoja, lakini saa zimebaki mbili. Na simu iliyo Tunduma ikidaka mnara wa Nakonde, huweza kujibadilisha saa bila kukuuliza. Kama programu yako inachukua saa ya simu ya karani, jibu linaweza kuonekana limeandikwa kabla ya ombi lake.

- Kwenye kanzidata hifadhi muda wa UTC. Geuza wakati wa kuuonyesha tu.
- Chukua saa ya seva, usichukue ya simu.
- Mfuatano wa miamala uufuate kwa namba, usiufuate kwa saa.
- Kufunga hesabu kuwe kwa saa ya nchi moja, iliyoandikwa kwenye mkataba. Muamala wa saa 23:30 upande wa Zambia tarehe ya mwisho wa mwezi, Tunduma ni 00:30 ya mwezi mwingine. Mkifunga kila mmoja kwa saa yake, mtagombana kila mwezi.
- Karani akiandika kwenye daftari "saa 2:40", mfumo umeandika 08:40 au 20:40. Mwekee utaratibu wa kuandika asubuhi au usiku, la sivyo daftari halitakusaidia siku ya kutafuta muamala uliopotea.

Kwa mawakala na wapokeaji wa pesa za simu

Tangu Tigo, Airtel na Zantel walipokubaliana mwaka 2014 kutumiana pesa kati ya mitandao, na Vodacom kujiunga mwaka 2016, pesa ya mteja hupita kanzidata za kampuni zaidi ya moja. Siku hizi Benki Kuu ina TIPS, mfumo unaounganisha benki na mitandao ya simu kwa ajili ya malipo hayo. Wewe uliye kibandani huoni lolote kati ya hayo. Unaona tu kwamba salio limepungua na mwenzako hajapata.

- Usitume mara ya pili kabla hujajua hali ya mara ya kwanza.
- Angalia salio na taarifa fupi kwenye menyu. Ujumbe wa simu peke yake usiuamini, kwa sababu matapeli wanautengeneza.
- Andika namba ya muamala, kiasi, namba ya mpokeaji na saa. Huduma kwa wateja watauliza hivyo vinne.
- Pesa ya mteja iliyokwama usimlipe kutoka kwenye floti yako kwa kumwonea huruma. Ikija kukamilika baadaye, umelipa mara mbili na kumfuatilia ni kazi.

Kwa fundi anayeunganisha duka na malipo ya simu: jibu lisipokuja, tumia huduma ya kuuliza hali ya muamala kwa namba ileile. Na iga kontroli namba. Kwenye malipo ya serikali kupitia GePG, mpokeaji anatoa namba kwanza, mlipaji analipia namba hiyo. Malipo mawili ya namba moja yanaonekana papo hapo. Duka lako nalo linaweza kutoa namba ya ankara kabla ya kupokea shilingi yoyote.

Maswali mawili yanayorudi

*"Kwa nini nisitumie awamu tatu, si inaondoa kukwama?"* Dale Skeen aliipendekeza mwaka 1981. Inaondoa kukwama pale seva inapozimika, ila inadhani mtandao haugawanyiki. Wa kwetu unagawanyika. Njia iliyo imara zaidi ni Paxos Commit ya Gray na Leslie Lamport ya mwaka 2006, ambayo uamuzi unatunzwa na seva kadhaa na unasimama mradi zaidi ya nusu ya seva hizo ziko hai. Kwa duka la matawi mawili gharama yake hailipi.

*"Mfumo wangu una mwaka mzima na haujawahi kukosea."* Umelinganisha? Chukua namba zote za mwezi uliopita za pande mbili, toa zinazofanana, tazama zinazobaki. Fanya hivyo kila siku, kwa programu, kabla duka halijafunguliwa.

Kabla hujakabidhi mfumo

Fanya majaribio haya mbele ya mwenye mali, kila moja kwa muamala wenye namba yake:

1. Chomoa waya wa mtandao mara tu ombi likishatumwa. Rudisha baada ya dakika kumi. Mzigo upungue mara moja tu.
2. Tuma namba moja mara tano mfululizo. Majibu matano yawe sawa.
3. Zima seva ya mratibu kwa kuchomoa umeme, si kwa menyu, wakati washiriki wameshaahidi. Washa. Muamala ukamilike au utenguliwe bila mkono wa mtu.
4. Rudisha saa ya simu ya karani nyuma kwa saa moja, kisha uza. Ripoti ya siku isibadilike.
5. Acha muamala mmoja na ahadi kwa dakika sita. Kengele ilie kwenye simu ya aliyetajwa kwenye mkataba, na aonyeshe anavyousoma uamuzi kwenye kumbukumbu za mratibu.

La tano likishindikana, usikabidhi siku hiyo.